Mtoa Taarifa Namba Saba

Dutton Fork, West Virginia
2 Oktoba 2018

Twila,

Mama anakusalimu. Goti lake la kushoto limevimba tena, lakini kanisani anakwenda kwa miguu na hataki kusikia habari ya gari. Wifi yako Verlene naye anakusalimu. Wiki iliyopita alitundikiwa ile dripu yake ya kila wiki sita, na safari hii mikono haikumtetemeka sana. Mimi sikusalimu.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu zako sitapokea tena. Maneno ya mdomo nimeshaona unayafanyia nini. Kuanzia leo tutasemezana kwa karatasi, na kila ninachokuandikia nitabaki na nakala yake, ili siku ukiyageuza nijue ulianzia kukata wapi.

Jumatano iliyopita tulikutana kituo cha zimamoto, kama tunavyokutana kila mwezi tangu bodi ya kaunti ilipoifunga shule yetu na kuwahamishia watoto Marrow, ng'ambo ya Mlima Pickett. Unamjua Opal Hensley. Alikwenda maktaba akaichapisha ripoti nzima mliyoiandikia bodi huko chuoni kwenu, kurasa mia moja na kumi na nne, hata viambatisho ambavyo hakuna mtu aliyevisoma wakati wa kura. Akavaa miwani, akasimama, akasoma: "Mtoa taarifa namba saba, dereva wa basi la shule mwenye uzoefu wa miaka ishirini na miwili, alieleza kuwa barabara ya Mlima Pickett inapitika hata majira ya baridi. Kwa maneno yake mwenyewe, 'Ile barabara naipita nimefumba macho.'"

Madereva hapa tuko wanne. Mwenye miaka ishirini na miwili ni mmoja. Watu hawakuhitaji kuuliza, waligeuza shingo tu.

Opal akavua miwani. "Denver," akaniambia, "mjukuu wangu anapanda basi lako saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Huwa umeyafumba?"

Ukumbi ukacheka. Nilitafuta pa kutazama nikakosa.

Nimekaa siku sita nikijiuliza nilisema lini, na kwa nani. Kisha nikakumbuka. Ilikuwa Pasaka, jikoni kwangu. Mama alikuwa anamenya mayai, Verlene anakata paja la nguruwe, wewe una sahani ya pili. Mama akasema siku moja ule mlima utaniua. Nikajigamba ili acheke. Hukuwa na kalamu mkononi, hukuwa na kinasa sauti, hukuniambia kwamba pale mezani umekaa kazini. Ulikuja kwangu kama ndugu ukaondoka kama karani.

Nataka jibu moja. Ni wewe uliyeyaandika maneno yale, au si wewe?

Denver


Columbus, Ohio
20 Oktoba 2018

Kaka Denver,

Barua yako nimeipata. Mpe Mama pole ya goti, umwambie dawa ya kupaka niliyomletea haikutengenezwa ikae kabatini. Wifi nimefurahi kusikia mikono imetulia. Mimi mzima. Huu ni mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili, na nikiamka nasoma, nikilala naota majedwali. Ninaishi na msichana wa Minnesota anayeniita "Bi. Twila" kwa sababu nina miaka thelathini na minne na yeye ana ishirini na mitatu.

Unasema nimewauza. Ngoja nikwambie jambo ambalo hata Baba alikufa bila kulijua.

Mwaka wangu wa kwanza wa chuo, ule nilioacha nikiwa na miaka kumi na tisa, mwalimu aliandika mlinganyo ubaoni. Darasa zima likainama kuandika. Mimi niliinama kujificha. Pale Dutton Fork hesabu tulifundishwa na kocha wa mpira, na Ijumaa ya mechi alituwekea mikanda ya mechi za nyuma. Nilifeli masomo matatu. Baba alidhani nimerudi nyumbani kwa ajili ya mwanamume. Nikamwacha adhani hivyo, maana ilikuwa aibu ndogo kuliko ile nyingine. Miaka minane nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa huko Marrow kabla sijathubutu kuanza upya.

Kwa hiyo shule ile mnayoililia mimi naijua. Wanafunzi sitini na mmoja katika madarasa manne. Kemia hakuna. Fizikia inafundishwa kwa kompyuta, na mvua ikinyesha mtandao unakatika. Bodi iliwaomba wanafunzi wa shule yetu ya masuala ya umma hapa chuoni wapime njia tatu: kuiacha shule ilivyo, kuifunga, au kuigawa. Tulikuwa wanne, tukapima. Hatukupiga kura. Kura walipiga watu watano mliowachagua ninyi wenyewe, mkiwa mmevaa kofia zenu na kula mikate ya bure yenye soseji za pepperoni.

Kuhusu namba saba, jina lako halimo mahali popote katika ripoti ile. Hilo ndilo nitakalosema.

Na kama unadhani bodi iliamini Mlima Pickett unapitika kwa sababu ya mstari mmoja wa mzaha wa Pasaka, unajipa ukubwa usio wako. Kulikuwa na karatasi nyingine kwenye mafaili. Niliisoma. Sitasema zaidi, na wewe usiniulize.

Twila


Dutton Fork
11 Novemba 2018

Twila,

Mama hajambo. Dawa ya kupaka anampaka mbwa. Verlene ana siku nzuri na siku mbaya, na siku mbaya hatusemi. Duka la Estep limefungwa. Waliendelea wiki sita baada ya shule kufungwa, kisha mzee akaniambia, "Denver, biashara yangu ilikuwa watoto na walimu, na wote sasa wako Marrow." Tulikuwa tunanunua pale maziwa na betri. Sasa ni safari ya saa nzima.

Barua yako imekaa juu ya friji siku kumi na mbili kabla sijaweza kuimaliza.

Nilikuuliza neno moja, ukanijibu kurasa mbili za kemia. Nimeelewa. Huko shuleni kwenu bila shaka mna somo la namna ya kutojibu, na umepata alama za juu.

Sasa nikueleze mimi, nisiyekuwa na majedwali. Brynlee, mjukuu wa Opal, ana miaka kumi na minne. Analala kwenye basi asubuhi, paji la uso kwenye kioo, na akishuka Marrow ana alama nyekundu kama amepigwa na fimbo. Anarudi kwao saa kumi na moja jioni. Huko ana mwalimu wa kemia, ni kweli. Anasinzia mbele yake. Wavulana watatu wameacha mpira kwa sababu mazoezi yakiisha basi limeshaondoka. Mmoja wao ameacha na shule. Huyo mlimpima kwa rula gani?

Unasema ulifeli kwa sababu ya kocha. Mimi kocha yuleyule alinifundisha, na nikaishia kuwabeba watoto wa watu miaka ishirini na miwili bila kumwaga hata mmoja. Tofauti yetu ni kwamba wewe ulipoanguka ulitafuta jengo la kulilaumu.

Wiki ya sikukuu ya Shukrani ndiyo ya kuwinda paa, shule zote zinafungwa, nami nitakuwa msituni. Usije. Mama atalia, nitamwambia umebanwa na masomo. Huo utakuwa uongo wangu na nitaujibu mimi. Ungesema wewe ungeuita utafiti.

Denver


Columbus
3 Desemba 2018

Kaka Denver,

Mama alinipigia kwa simu ya kanisa siku ya Shukrani, kwa hiyo najua goti limepungua na najua hukupata paa. Mimi nilikula kwa Profesa Lindqvist anayesimamia tasnifu yangu. Tulikuwa kumi na wanne mezani, na kwa saa nzima walizungumza juu ya watu kama sisi, kwa huruma sana. Mmoja akauliza kwa nini watu wa milimani hawahami tu. Nikamwomba anisogezee viazi. Ujue basi kwamba na huku pia nilikaa mezani nikiwa nimeficha mimi ni nani. Labda ndiyo kazi niliyoisomea.

Umejibu kila mstari wa barua yangu isipokuwa mmoja. Hukuuliza ni karatasi gani nyingine niliyoikuta. Mtu asiyejua angeuliza, hata kama aliambiwa asiulize. Wewe umeiruka kama mtu anavyoruka ubao uliooza kwenye sakafu yake mwenyewe.

Basi nitasema.

Tarehe 14 Machi uliiandikia bodi barua. "Kwa uzoefu wangu, basi linaweza kutoka Dutton Fork hadi Marrow kwa dakika sabini, majira yote ya mwaka, na niko tayari kuendesha njia hiyo." Sahihi ni yako, ile D yenye mkia. Niliikuta kwenye faili la usafiri, mchana, wenzangu watatu wamekaa upande wa pili wa meza. Jina letu la Ratliff limejaa milimani, hawakuniuliza kama ni ndugu yangu. Niliisoma mara tatu.

Kanuni ni kwamba kila karatasi tunayoitegemea iingie kwenye viambatisho. Ningeiweka, kila mtu Dutton Fork angejua ni nani aliyeiambia bodi kwamba mlima ni salama. Nikaitoa. Lakini hoja ya barabara ikabaki inaning'inia hewani, haina pa kusimama. Siku chache baadaye, Pasaka, ukasema jikoni kitu kilekile kwa maneno ya kuchekesha. Nikayachukua, nikayapa namba, nikayaweka pale ilipokuwa barua yako. Ndiyo, ni mimi. Nilidhani nakuficha.

Na sasa nasikia kwamba kila mwezi wewe ndiye unayesimama mbele ya ukumbi wa zimamoto ukiongoza watu kunilaani. Nyani haoni kundule, lakini wewe, Kaka, umeliona, ukalifunika, kisha ukaninyooshea kidole mimi.

Kwa nini uliandika barua ile?

Twila


Dutton Fork
19 Desemba 2018

Twila,

Mama mzima. Verlene yuko vilevile.

Ile barua ilikuwa ya kazi, kati yangu na mwajiri wangu, na haikuhusu. Uliificha? Hakuna aliyekutuma. Wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe; waliosema hawakukujua wewe.

Krismasi usije. Na usijisumbue kuandika, kwa sababu barua yako nyingine sitaifungua.

Denver


Columbus
28 Januari 2019

Kaka Denver,

Nakuandikia nikijua ulivyoapa. Kama kuna barua moja utakayoifungua, naomba iwe hii.

Mama amenieleza habari ya tarehe 16. Alisimulia kama mtu anayehesabu watoto wake: theluji iliyogeuka mvua, mvua iliyogeuka barafu, wewe juu ya Mlima Pickett saa tisa alasiri na watoto ishirini na watatu, na yule mtu wa redio ofisini akikwambia uteremke kwa kuwa chumvi ya kuyeyusha barafu imeshamwagwa barabarani. Anasema ulizima injini, ukawaambia watoto wasogee upande wa mlimani. Anasema lori la makaa ya mawe lilipita likiteleza ubavuni mwenu, karibu ungeweza kuligusa kwa mkono. Saa nne mmekaa pale. Gazeti la kaunti limekusifu. Mama anasema gazeti hukulisoma, ulilitumia kuwashia jiko.

Kaka, ripoti yangu ndiyo iliyowapandisha watoto wale mlimani. Nimejaribu kulisema hilo kwa namna nyingine wiki nzima na namna nyingine hakuna. Naamini bado kwamba shule ile ilikuwa inawanyima watoto haki yao. Lakini sikupima mlima. Nilihitaji mlima uwe umeshapimwa, nikaokota maneno yanayosema hivyo.

Jumatano nilikwenda kwa Profesa Lindqvist. Nikamwambia namba saba ni kaka yangu, hakuombwa ridhaa, hakujua anahojiwa. Akauliza, "Kuna kingine?" Ningeweza kusema hakuna. Nilikuwa na wewe moyoni na kanuni mkononi, na mwaka jana nilichagua wewe, ukaona yaliyotokea. Nikamwambia kuna barua niliyoitoa.

Tasnifu yangu, iliyosimama juu ya ripoti ile, imefutwa. Mwezi wa tano sitahitimu. Kazi niliyoahidiwa katika ofisi moja ya serikali ya jimbo hapa wameiondoa, kwa barua ya heshima sana. Sikwambii ili unihurumie.

Nakwambia kwa sababu ya hili: shule yangu inaiandikia bodi ya kaunti kuondoa sehemu ya barabara katika ripoti, na inaambatanisha kila nilichokiacha. Barua yako ya tarehe 14 Machi itakuwa ndani ya bahasha hiyo. Itasomwa kwenye mkutano wa wazi, Jumanne tarehe 12 Februari. Una wiki mbili. Mwambie Opal kabla haijasomwa. Mwambie Verlene. Kitu kama hiki mtu akikisema mwenyewe ni kosa, kikisomwa na mwingine ni usaliti.

Twila


Columbus
8 Februari 2019

Kaka,

Simu yako inaita mpaka inakatika. Ya Verlene haipatikani. Mama nilimwambia akwambie ufungue barua yangu, akasema amekwambia mara mbili na mara ya pili ulitoka nje kwenda kupasua kuni ambazo zimeshapasuliwa. Sikuweza kumweleza kilichomo. Simu ile ya kanisa iko ofisini kwa mchungaji na mlango uko wazi.

Nilitaka kuja kwa gari leo. Nikafika mpaka kituo cha mafuta, nikageuka. Umesema usije mara mbili, na sijui kama ni heshima au ni woga, lakini nimegeuka.

Ni Jumanne. Fungua barua.

T.


Dutton Fork
24 Februari 2019

Twila,

Mama anakusalimu. Aliacha kusema nami kwa siku tano, kisha akaanza tena kwa kunigombeza, kwa hiyo nadhani yuko sawa. Verlene nitakueleza.

Barua zako mbili nilizifungua Jumanne usiku, tukishatoka mkutanoni. Zilikuwa juu ya friji. Ningezifungua siku zilipofika ningekuwa na wiki mbili. Hilo ni kosa langu. Mengine ni yako.

Utataka kujua ilivyokuwa. Ukumbi wa Marrow ulijaa, watu wamesimama mpaka mlangoni, wengi wakiwa wetu, tumekuja kwa basi nililoliendesha mwenyewe. Mwenyekiti wa bodi ni yule mama, Garnet Sizemore. Akaanza kusoma barua ya shule yako. Mtafiti anakiri kwamba mtoa taarifa namba saba ni kaka yake, kwamba hakuombwa ridhaa, kwamba maneno yake yalikuwa mzaha wa nyumbani. Watu wakapiga makofi. Opal alinigonga mgongoni akasema, "Nisamehe, Denver, nilikucheka bure." Verlene akanishika mkono. Nilisimama, Twila. Nilisimama nikainua kofia kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Garnet akasema, "Kuna karatasi imeambatanishwa." Akaisoma. Hakutaja jina mpaka mwisho, kwa hiyo kwa mistari minne watu walikuwa wananong'ona ni mpumbavu gani huyo. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Halafu akasoma sahihi.

Redford Estep, mtoto wa mwenye duka, akauliza kutoka nyuma, "Ni yako?" Hakupaza sauti. Nikasema ni yangu. Akasema, "Baba yangu ameuza mpaka mizani." Nikasema najua.

Uliniuliza mwezi wa kumi na mbili kwa nini, nikakwambia haikuhusu. Sasa imeihusu kaunti nzima. Mwezi wa tatu mwaka jana Prater, mkurugenzi wa elimu, aliniita ofisini. Akaniambia shule itafungwa tupende tusipende, na madereva wawili kati ya wanne wataondoka, isipokuwa kama itapatikana njia ndefu ya kuendesha. Akaniuliza kama mlima unapitika. Bima ya matibabu ya Verlene inategemea kazi yangu. Kazi ikienda, bima inaenda, na bima ikienda ile dripu hakuna mtu wa kuitundika. Niliandika barua ile kwenye meza yake, kwa kalamu yake. Kisha nikatoka nikajiambia shule itafungwa hata hivyo. Kisha watu walipokasirika, nikakasirika pamoja nao, na hasira yangu ilikuwa ya kweli, naapa. Nilikuwa na mengi ya kukasirikia na wewe ulikuwa mbali.

Verlene hakujua. Alisikia pale, pamoja na wengine. Aliachia mkono wangu, akachukua fimbo yake, akaenda kukaa kwenye basi. Alhamisi, akiwa anakunja nguo, akaniambia, "Ungeniuliza. Mwili ni wangu." Nikamwambia niliogopa angesema nisiandike. Akasema, "Ningesema hivyo, ndiyo." Akaendelea kukunja.

Na juu ya mlima tarehe 16. Mama alikusimulia vizuri, lakini hakukwambia kitu kimoja kwa sababu hakijui. Yule mtu wa redio alipokuwa ananiambia niteremke, alinisomea. Alisema, "Denver, wewe mwenyewe uliandika majira yote." Alikuwa na nakala mezani kwake. Ndipo nilipozima injini.

Bodi imepiga kura. Shule hairudishwi. Siku za barafu mabasi hayatavuka mlima, watoto watasomea kwenye jengo letu la zamani na walimu wawili watalala huku. Kura kamili itarudiwa Mei. Garnet amesema safari hii wanataka mtu apande basi na kupima barabara yenyewe, si kupima karatasi. Nilidhani ungetaka kujua hilo. Umepoteza mwaka wako, na sitakwambia pole, kwa sababu nikisema pole utadhani tumemaliza.

Kesho yake ya mkutano, Jumatano, nililitoa basi kama kawaida. Vituo vinne vya mwanzo ni vya watoto kumi na mmoja. Walipanda sita. Wengine nilikuwa naona taa za jikoni zao zinawaka, na baba zao wakiwasha magari kuwapeleka wenyewe. Kwa Opal nilidhani sitakuta mtu. Alikuwa amesimama barabarani na Brynlee. Nikafungua mlango. Mtoto akapanda. Opal naye akapanda, akakaa kiti cha nyuma yangu, mkoba magotini.

"Unakwenda wapi, Opal?"

"Marrow."

"Watu wazima hawaruhusiwi."

"Nishtaki."

Alikwenda nami Marrow akarudi nami na basi tupu. Alasiri vilevile. Amefanya hivyo kila siku ya shule tangu hapo, haongei, hasomi gazeti, amekaa tu. Wazazi walipoona Opal yumo, watoto wakaanza kurudi mmoja mmoja. Sasa wamebaki wawili tu wanaopelekwa na magari.

Ijumaa, tukirudi asubuhi, basi tupu, tukiwa tunapanda mlima, akaniuliza Verlene ana nini hasa. Nikaanza kumwambia. Twila, nilisema njia nzima. Jina la ugonjwa, siku alipoangusha sufuria mara ya kwanza, wiki ya tano jinsi anavyoanza kuchoka kabla ya dripu, jinsi ninavyohesabu siku za kazi kama mfungwa. Miaka mitano sikumwambia mtu yeyote, hata wewe nilikwambia nusu. Tukafika kwake, nikafungua mlango. Akafunga mkoba.

"Ungetuambia, Denver," akasema. "Tungekuchukia mapema, tukamaliza."

Akashuka.

Mimi na wewe bado. Nina mengi ya kukukasirikia, na nadhani nawe unayo, na Verlene anasema kama tutagombana basi tugombane kwa mambo ya kweli. Karatasi ipo. Andika.

Denver